Sufuria Iliponyamaza

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Mwenye chai amimine, mwenye kazi ya mikono aendelee nayo. Sisi tunawaazima masikio tu. Leo tunamkumbuka mpishi wa keki. Mpishi wa keki ambaye hakuwahi kuwa na duka, hakuwahi kutundika kibao mlangoni, na bado watu walizunguka mitaa kumfuata jikoni kwake. Jirani zake walimwita Mama Tabaka.

Mama Tabaka amefariki. Amefariki nyumbani kwake, kitandani, usingizini. Mazishi yamepita, watu wamerudi makwao, viti vya kuazima vimerudishwa. Tulipokwenda kuwapa pole wafiwa tulitarajia kukuta machozi, na machozi tuliyakuta. Lakini tulikuta na jambo jingine. Tulikuta watu walioshusha pumzi. Binti yake, mwalimu wa chekechea, alituambia hata kabla hatujakaa, "Msinishangae. Nimelia, na bado nitalia, lakini moyo wangu umetulia. Mama angeondoka miaka michache nyuma, nisingetulia mpaka nami naingia kaburini."

Kwa nini? Hapo ndipo penye hadithi yetu. Ni hadithi ya keki, ya sufuria, na ya siri iliyokaribia kumtoa mtu jikoni kwake mwenyewe.

Tuanze na keki, maana marehemu asingetusamehe tukianza na kingine.

Keki ya Mama Tabaka ilikuwa ya tabaka nyembamba, zimepangwa moja juu ya nyingine, na kati ya kila tabaka kuna aisingi ya chokoleti. Si ile ya kuvuruga siagi na sukari ya unga ukasema umemaliza. Hiyo alikuwa akiiita aisingi ya wenye haraka. Yake ilikuwa ya kupikwa. Sukari, unga wa kakao, maziwa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, vyote sufuriani, sufuria motoni. Inachemka, inaiva, inaepuliwa. Inatiwa siagi na vanila. Inaachwa ipoe kidogo, kisha inapigwa kwa mwiko mpaka ule mng'ao wake ufifie. Ukifika hapo huna muda wa kujikuna. Umimine na upake upesi, la sivyo itagandia sufuriani na wewe ubaki ukiiangalia.

Mliowahi kuipika mnaujua ubishi wake. Ukiiepua mapema haigandi. Inateremka pembeni mwa keki na kukusanyika kwenye sahani kama mchuzi. Ukiiepua kwa kuchelewa inakuwa mchanga. Inakwaruza meno, inapasuka ukiigusa kwa kisu. Kati ya mapema na kuchelewa kuna nafasi finyu kweli. Wapo wanaotumia kipimajoto. Wapo wanaodondoshea tone kwenye bakuli la maji baridi waone kama linafinyangika. Mama Tabaka hakutaka kipimajoto wala bakuli la maji. Mambo ya bakuli aliyaita mtihani wa wasio na masikio.

Yeye alisikiliza. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, Mama Tabaka alipika kwa kusikiliza.

Alifundishwa na mama yake mkubwa, dada wa mama yake mzazi, aliyekuwa mpishi katika hosteli ya wanafunzi wa uuguzi. Mama mkubwa huyo macho yalikuwa yamemtupa mkono. Kipimajoto asingekisoma, na tone kwenye maji asingeliona. Basi akawa anaisikiliza sufuria. Alimwambia Mama Tabaka, enzi hizo msichana, kwamba sukari ikianza kuchemka husema haraka haraka, nyepesi, kama mtu aliyekuja na umbea. Ikikaribia kuiva, mwendo unapungua, sauti inakuwa nzito, mapovu yanapasuka moja moja: pwa, pwa. "Ikianza kusema pwa, usibishane nayo," alimwambia. "Epua."

Ndiyo maana nyumba ya Mama Tabaka ilikuwa na sheria moja kubwa. Sufuria ya aisingi ikiwa motoni, hakuna kuongea. Hakuna kuvuta kiti, hakuna kufungua bomba, hakuna kukohoa kwa raha zako. Mume wake, fundi saa, mtu mpole ambaye hata kikombe alikiweka mezani kama anakilaza kitoto, alijifunza kupigia chafya kwenye mto. Binti yao alijifunza kuomba maji kwa ishara kabla hajajua kusoma. Mgeni akibisha hodi saa hiyo, alikaa kizingitini mpaka sufuria iepuliwe, na hakuna aliyekasirika, kwa sababu kila aliyengoja alijua kwamba mwiko wa kulamba utamfikia.

Mtu aliyeivunja sheria hiyo alikuwa mmoja tu. Wifi.

Wifi huyu ni dada wa fundi saa. Ni mpokea simu mstaafu. Maisha yake yote alipaza sauti kwenye laini mbovu, na alipostaafu hakuona sababu ya kuishusha. Yeye na Mama Tabaka walitaniana tangu siku ya kwanza walipokutana, na hawakupumzika. Wifi akiingia jikoni na kuuliza, "Hiyo ni aisingi au lami?", Mama Tabaka alijibu bila hata kugeuka, "Ingekuwa lami, ningekuziba nayo huo mdomo. Kimya, sufuria inasema." Wifi anacheka, anasema jingine, anafukuzwa kwa mwiko. Ndivyo walivyopendana.

Shikeni hilo, wasikilizaji. Mama Tabaka hakuwahi kuacha neno la wifi yake lipite bila kujibiwa.

Basi miaka ikaenda. Na siku moja keki ikaharibika.

Ilikuwa keki ya fundi viatu, jirani wa ukuta kwa ukuta. Aisingi haikuganda. Iliteremka yote ikaacha tabaka ziko uchi. Mama Tabaka alisema maziwa ya siku hizi ni maji yaliyopakwa chokaa. Watu wakakubali, maana hata wao maziwa waliyalalamikia. Iliyofuata ikawa mchanga. Akasema ni sukari, chembe zake zimekuwa kubwa. Iliyofuata hiyo nayo mchanga, na akasema ni jiko. Wakamnunulia jiko jipya. Jiko jipya likatoa mchanga vilevile.

Fundi saa alikula kipande chake mpaka mwisho, kila mara. Aliulizwa, "Ikoje?" Akatafuta neno ambalo si uongo wala si ukweli. "Ina nguvu," alisema.

Sasa, sisi tunaoisikia hadithi hii tukiwa tumekaa tunaweza kujifanya werevu. Dalili zilikuwepo tele. Redio ya Mama Tabaka ilikuwa ikisikika kwa fundi viatu kiasi kwamba huyo bwana aliizima ya kwake akaacha kununua betri. Watu wakasema, mama huyu anapenda sana habari. Muuza mboga alimwuliza, "Nyanya au vitunguu?" Akajibu, "Ndiyo." Watu wakasema, mama ana mawazo. Kwenye mazungumzo alicheka baada ya wengine kucheka. Akiambiwa jambo alitikisa kichwa na kusema, "Kweli kabisa." Kweli kabisa kwa kila kitu. Jirani mmoja alimweleza kwamba mama yake mzazi amelazwa, Mama Tabaka akasema, "Vizuri sana," na kutabasamu. Jirani alinuna kwa wiki nzima.

Mama Tabaka alikuwa hasikii. Masikio yalikuwa yakimtoka kidogo kidogo, kama maji kwenye ndoo yenye ufa. Yeye mwenyewe alijua. Wengine hawakujua.

Kwa nini hawakujua? Hapa ndipo panapochekesha na kuumiza kwa pamoja. Hawakujua kwa sababu ya ile sheria yao. Jikoni, mahali alipokaa zaidi, hakuna aliyeongea naye. Ungejuaje kwamba mtu hasikii, ikiwa kusema naye ni marufuku?

Zaidi ya hapo, familia ilikaa kikao. Baba na binti waliwaza, wakawazua, wakafikia uamuzi: aisingi inaharibika kwa sababu ya kelele zetu. Mama amezeeka, anahitaji utulivu zaidi. Tangu siku hiyo wakaongeza kimya. Binti alivua viatu getini. Fundi saa alitembea na soksi, tena soksi za sufu. Walianza kunong'ona hata sebuleni, hata wakati hakuna kinachopikwa. Na siku moja fundi saa alisimama katikati ya sebule yake, akazitazama saa zake za ukutani alizozikusanya tangu ujanani, zile za mizani inayokwenda huku na huku, akaona kwamba hata hizo zinapiga kelele. Akazisimamisha. Zote. Fundi saa, wasikilizaji wapendwa, alisimamisha saa zake mwenyewe ili mke wake aisikie sufuria.

Sasa mtazame Mama Tabaka. Yeye haambiwi lolote. Anachokiona ni watu wanaonyata nyumbani kwake. Anaona midomo inakaribia masikio. Akigeuka, inaachana. Anaona mume wake anatembea kama mwizi. Halafu asubuhi moja anainua macho ukutani na kuona saa zote zimesimama.

Baadaye alimsimulia wifi yake jinsi moyo ulivyomshuka siku ile. Alijiambia kwamba wameshajua. Wamejua kwamba amekwisha, na sasa wanapanga namna ya kumwondoa jikoni bila kumwumiza. Binti yake alikuwa amemwomba kwa upole akahamie kwake, "upumzike, mama." Neno pumzika alilisoma kwenye midomo, na lilimchoma. Kwake kupumzika maana yake ilikuwa kukalishwa kwenye kiti karibu na dirisha na kuletewa chai. Jiko lile ndilo lililomfanya awe mtu. Alijikaza kisabuni. Akaamua kwamba ilimradi hakiri, hawawezi kumtoa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, waliotutangulia walisema. Nyumba nzima ilikuwa imenyamaza kwa mapenzi, na mapenzi yenyewe ndiyo yaliyomtisha.

Ndipo wifi akaja. Alikuja na mkoba wake na sauti yake, akatangaza tangu getini kwamba siku yake ya kuzaliwa imefika na anataka keki. Binti na fundi saa walimziba mdomo ukumbini, wakamweleza kwa kunong'ona habari za utulivu. Wifi aliwasikiliza. Akazitazama saa zilizosimama. Akamtazama kaka yake na soksi zake. Akasema, "Nyinyi wote mnahitaji daktari," na kuingia jikoni.

Mama Tabaka alikuwa amempa mgongo. Sufuria ilikuwa motoni, ikichemka. Wifi aliegemea mlango, akaanza kama kawaida yake.

"Wifi, umenenepa mpaka jiko limekuwa dogo."

Mama Tabaka hakujibu. Hakugeuka, hakuinua mwiko, hata bega halikucheza. Wifi alidhani amenuniwa. Akapandisha dau.

"Na kaka yangu ulimpata kwa keki. Kwa sura hiyo usingempata."

Bado kimya. Wifi mwenyewe alituambia, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, "Niliingiwa na baridi. Lile tusi la kaka yangu nilikuwa nimeliweka akiba kwa ajili ya siku kubwa. Lilipaswa kuniletea mwiko wa kichwa. Nikajua kuna kitu kimekufa humu ndani."

Na sufuria? Sufuria ilikuwa ikisema pwa. Ilikuwa imesema pwa zamani. Hata wifi, ambaye hajawahi kupika kitu zaidi ya yai, alikuwa ameisikia kiasi cha kutosha katika nyumba ile kujua kwamba wakati umepita. Mama Tabaka alikuwa ameinamisha kichwa, amekunja uso, akiitegea sikio sufuria ambayo haikumwambia kitu.

Wifi alinyoosha mkono, akazima jiko.

"Nani kakuruhusu uguse jiko langu?" Mama Tabaka aligeuka, macho makali.

Wifi alisogea mbele yake, uso kwa uso. "Sufuria imeshasema, wifi. Imesema zamani. Hukuisikia?"

"Nimeisikia. Nilikuwa naingoja kidogo."

"Na mimi nilisema nini nilipokuwa mlangoni?"

Mama Tabaka aliutazama mdomo wa wifi. Alitaka kusema kweli kabisa. Halikutoka.

"Nimekutukana, wifi. Matusi mawili ya maana. Ukanyamaza. Wewe, unyamaze?" Wifi alimshika bega. "Tangu lini?"

Mama Tabaka aliketi kwenye kigoda. Alifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu. "Tangu sufuria iliponyamaza," alisema. "Sikujua ni masikio. Nilidhani ni jiko. Nilidhani kweli. Nilipokuja kujua, nilikuwa nimeshalaumu maziwa, sukari na gesi, nikaona aibu kuanza upya."

"Kaka anajua?"

"Wote wanajua. Hujaona wanavyonong'ona? Hujaona saa zimezimwa? Wanataka kunipumzisha. Usiwaambie kwamba nimekubali, wifi. Nakuomba. Nikikubali tu, wananitoa hapa."

Wifi alimwangalia. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika friji. Mama Tabaka hakuelewa, akakasirika, akataka kuinuka, na wifi akamkalisha kwa mabega na kumwambia polepole, kila neno na nafasi yake, midomo ikionekana vizuri. "Hawajui. Hawajui kitu. Wanadhani wanakupigia kelele. Kaka amesimamisha saa ili usikie sufuria."

"Ili nisikie?"

"Usikie."

Hapo Mama Tabaka alilia. Alilia kwa sauti, jikoni, mahali ambapo kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. Na katikati ya kulia akaanza kucheka. Wifi anasema hajawahi kuona mtu akitua mzigo namna ile. Mabega yalishuka, uso ukafunguka, akawa anarudia, "Soksi. Kumbe ndiyo maana ya soksi."

"Mficha maradhi, wifi," wifi alimwambia, "kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na mimi, shukuru. Yule mama mkubwa wako aliyekuwa haoni, alificha?"

"Hakuficha." Mama Tabaka alijifuta pua. "Alikuwa akiniita. Njoo uwe macho yangu, alikuwa akisema. Kila siku. Wala haikuwa aibu."

"Walimtoa jikoni?"

Hapo Mama Tabaka alielewa.

Fundi saa alikuwa ameshafika mlangoni, na soksi zake, ameitwa na kile kilio. Mama Tabaka alimtazama. Akapiga moyo konde, akasema mwenyewe, bila kutumwa, "Baba watoto, sisikii. Masikio yangu yamekwisha."

Fundi saa aliona sufuria juu ya jiko. Mazoea ni mabaya. Alinong'ona, "Unasemaje?"

"Ongea kwa sauti, kaka," wifi alipaza sauti ikatikisa vikombe. "Mkeo hasikii."

Mzee yule alizitazama soksi zake. Aligeuka, akaondoka. Mama Tabaka alidhani amemwumiza, akamfuata hadi mlango wa sebule. Akamkuta amesimama mbele ya ukuta, anafungua saa moja baada ya nyingine, anasukuma mizani kwa kidole. Zikaanza kwenda. Mama Tabaka hakuzisikia. Lakini alisimama pale akiziona zikienda huku na huku, ukuta mzima, na mume wake akamgeukia na kumwambia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia tangu waoane, "Ungeniambia, mke wangu. Miguu yangu imeganda kwa hiyo sakafu."

Wasikilizaji wapendwa, tangu siku hiyo nyumba ile ilipumua.

Aisingi ya siku hiyo ilikuwa mchanga mtupu. Waliila na vijiko, moja kwa moja kutoka sufuriani, wote wanne wamekaa kwenye sakafu ya jikoni wanapiga kelele. Walimpeleka kwa daktari wa masikio. Daktari akasema ni umri, wala hakuna la ajabu, akampa kifaa cha kuvaa sikioni. Kilimsaidia sana sebuleni na sokoni. Jikoni alikivua, kwa sababu kiligeuza mlio wa kijiko kuwa mlio wa shoka. Redio ikapunguzwa sauti, na fundi viatu akaja kulalamika kwamba sasa itambidi anunue betri.

Na aisingi? Mama Tabaka alifanya lile alilolidharau maisha yake yote. Alitoa bakuli, akajaza maji baridi. Akadondosha tone. Likatawanyika. Akangoja, akadondosha jingine. Akaliokota kwa vidole, likafinyangika laini kama nta. Akaepua. Ilipopoa akaipiga kwa mwiko mpaka mng'ao ukafifia, akamimina, akapaka, na aisingi ikakaa. Ilishika kila tabaka kama iliyozaliwa nayo. Wifi alikata kipande chake cha kuzaliwa, kikiwa kimechelewa, na kisu kikapita bila kukwaruza. "Sasa ndiyo nimeongeza mwaka," alisema.

Baada ya hapo Mama Tabaka aligundua jambo jingine. Ukishika mpini wa sufuria kwa kitambaa, ile pwa inapanda mpaka kwenye kiganja. Alimwita binti yake ashike mpini aisikie naye. Binti alikuwa hajawahi kufundishwa, kwa kuwa zamani somo lilikuwa ni kunyamaza. Sasa alifundishwa huku wanaongea, wanabishana, wanamwagiana unga wa kakao. Ndivyo alivyojifunza, na tumeionja keki yake. Hatukusema ina nguvu. Tuliomba kipande cha pili.

Mama Tabaka aliishi hivyo miaka yake ya mwisho, na wote waliomjua wanasema ilikuwa miaka yake myepesi kuliko yote. Hakutikisa tena kichwa ovyo. Hakusema tena kweli kabisa. Akiwa hakusikia, aliuliza, "Umesema nini?" Aliuliza mbele ya wageni, aliuliza dukani, aliuliza kwenye foleni. Alimwendea yule jirani aliyenuna, akamweleza ile "vizuri sana" ilitoka wapi, na wakacheka mpaka wakashikana mikono.

Tufike mwisho. Jioni ile ya mwisho, binti alikuwa amepita kumsalimu. Alikuwa amechoka, ana mkoba begani, yuko mlangoni, na kifaa cha sikio mama yake alishakivua. Binti alisema, "Mama, kesho napita mapema."

"Umesema nini?"

Alirudia kwa sauti zaidi. Mama akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Umesema nini, mwanangu?"

Binti aliweka mkoba chini. Alirudi ndani, akakaa mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili. "Kesho napita mapema. Tupike wote."

"Ah," Mama Tabaka alisema, uso ukimng'aa. "Sasa nimesikia. Uje."

Alilala, na hakuamka.

"Zamani," binti alituambia, "angetikisa kichwa tu. Ningeondoka nikidhani tumeagana, kumbe hatukuagana. Lakini mama aliuliza. Akauliza tena. Neno langu la mwisho kwake lilifika, na la kwake nilipewa mkononi. Ndiyo maana nawaambia nimetulia."

Kwa niaba ya wote tulio hapa studioni, tunampa pole fundi saa, mume wa marehemu. Tunampa pole binti yake. Tunampa pole wifi, ambaye amepoteza mtu wa kumjibu, na hiyo si hasara ndogo. Mwenyezi Mungu ampumzishe Mama Tabaka mahali pema, na awape nyinyi mliobaki subira.

Nasi tujitazame, wasikilizaji wapendwa. Labda nyumbani kwako yupo mtu anayecheka baada ya wengine kucheka. Anayekubali kila kitu. Anayekaa kando siku hizi, na mmeamua kwamba amepoa tu, au ana maringo, au umri umemfikia. Usimnyatie, wala usimnong'onee mwenzako juu yake. Kaa mbele yake aone uso wako, umwulize. Na yeye akikuuliza umesema nini, usimwambie si kitu, achana nalo. Weka mkoba chini. Rudia.